Shati la Aliyepigwa Shotgani Lisifuliwe

Niliuguza majeruhi hapa Mwanza mpaka nikastaafu, na kinachoniuma hadi leo ni nguo. Mgonjwa anafika akivuja damu, nguo zinakatwa kwa mkasi, zinatupwa na taka au ndugu wanapewa. Hapa Igogo, mama mmoja jirani yangu aliloweka shati la mwanawe, mlinzi wa usiku aliyepigwa shotgani, kwa mapenzi tu ya mzazi. Masizi ya baruti yakaenda na maji. Polisi walipouliza mtutu ulikuwa umbali gani, hapakuwa na cha kuwaonyesha.

Shotgani, ile wanayobeba walinzi wetu madukani, hutema gololi nyingi kwa mpigo mmoja, pamoja na kizibo kinachozisukuma. Mtutu ukigusa mwili, tundu huwa moja, kingo zimeungua, moshi umeingia ndani. Ukisogezwa nyuma kidogo, masizi hutanda juu ya ngozi au nguo, na punje za baruti huchoma ngozini vidoa ambavyo hata ukisugua havitoki. Mpaka kama mita moja gololi bado zimeshikamana. Umbali ukizidi hapo kingo za tundu huwa na meno, na kuanzia mita mbili au tatu vitundu hujitenga pembeni. Kizibo nacho, kwa karibu huzama jerahani. Kwa mbali kidogo hugonga kando na kuacha mchubuko.

Madaktari wana hesabu ya haraka: upana wa mtawanyiko kwa sentimita, gawanya kwa mbili au tatu, unapata mita. Sentimita 15 ni kama mita 5 hadi 7 na nusu. Lakini mtutu uliokatwa hubadilisha hesabu, na gololi zilizopita mlangoni kwanza hutawanyika mapema, zikadanganya kuwa mpigaji alikuwa mbali. Gobole la vijijini kwetu Usukumani, lenye baruti ya moshi mwingi na vipande vya chuma, ndilo gumu zaidi. Kipimo cha kuaminika ni kufyatua bunduki ileile, kwa risasi za aina ileile, kwenye kitambaa, kisha kulinganisha.

Umbali wa mtutu ndio uliobishaniwa katika kifo cha Padri John Kaiser, Mmarekani aliyehudumu Lolgorien, Kenya, na aliyetaja majina ya wakubwa mbele ya tume iliyochunguza mapigano ya kikabila. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, kichwa kimepigwa risasi, shotgani yake pembeni. Mwaka 2001 FBI ikasema alijiua. Daktari wa serikali ya Kenya aliyeupasua mwili wake, Alex Olumbe, hakukubali kwamba mtutu ulikuwa umegusa kichwa. Mwaka 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kuwa padri aliuawa. Miaka kama sita, familia ikiambiwa ndugu yao alijitoa roho! Kwangu mimi, jicho la aliyeushika mwili lina uzito kuliko la asiyeushika.

Kwa hiyo ndugu msomaji, akipigwa mtu wenu, okoeni uhai kwanza. Nguo msifue wala msikung'ute. Mkasi usipite kwenye tundu. Zianikeni kivulini zikauke, kisha wekeni kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi, maana kwenye nailoni huoza, na mkabidhi polisi mnapofuata fomu yao ya PF3.