Nywila haina "Kny."

Juni mjini Babati ni baridi ya kuvaa koti mpaka saa nne asubuhi, na ukungu wa mlima Kwaraa huwa hauna haraka ya kuondoka. Baridi hiyo ndiyo iliyonitoa barabarani nikaingia steshenari moja karibu na stendi, nikijisingizia kutoa kopi ya kitambulisho. Nikakuta foleni. Wenye kopi tulikuwa wawili. Waliobaki wote walikuwa walimu, na wote walifuata jambo moja: kujaziwa PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kabla mwaka wa fedha haujafungwa Juni 30.

"Shikamoo, mwalimu," kijana wa kompyuta alimwamkia mzee mmoja aliyeingia na bahasha ya kaki kwapani.

"Marahaba, baba. Mtandao upo?"

"Leo upo. Paswedi ni ile ile?"

"Ile ile."

Kijana akavuta kaunta buku ya kwaya mbili, akapekua hadi ukurasa wenye jina la shule. Ilikuwa imepigwa mistari vizuri kwa rula: jina, cheki namba, nywila, simu. Mzee, ambaye nilikuja kujua kuwa ni mwalimu mkuu, akakaa kwenye benchi kando yangu akaanza kupiga simu za mifuko ya mbolea. Kijana akaingia kwa jina la mwalimu wa kwanza, akamwandikia majukumu aliyotekeleza, akatuma. Akatoka. Akaingia tena, safari hii kwa cheki namba ya mzee, akalikuta ombi alilolituma mwenyewe dakika mbili zilizopita, akaliidhinisha. Kidole kilichoomba ndicho kilichokubali. Walimu kumi na moja walipimwa utendaji wao wa kazi kwa namna hiyo, na mimi kopi yangu ilikuwa bado haijatoka.

Cha kuchekesha ni kwamba mfumo huu uliletwa kuondoa mchezo wa namna hiyo. OPRAS, fomu ya karatasi iliyoanza mwaka 2004, ilikuwa imegeuka karatasi ya kutafutia daraja: mtu anaikumbuka akikaribia kupandishwa cheo, anajaza ya mwaka mzima kwa jioni moja, na bosi anatia saini akiwa amesimama. PEPMIS ilipoingia mwaka wa fedha 2023/24, mtumishi alitakiwa aandike kazi zake kadiri mwaka unavyokwenda, na msimamizi azipitie huko huko mtandaoni. Mfumo unajua jukumu lililotumwa, tarehe na jina la aliyelipitisha. Kisichojulikana kwake ni kwamba mwenye jina yuko kwenye benchi anaulizia bei ya mbolea.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nafikiria herufi tatu tu. Kila aliyewahi kupokea barua ya serikali anazijua. Mkurugenzi akiwa safarini, barua haisubiri; hutoka na "Kny." mbele ya cheo chake, kwa niaba ya. Aliyesaini anaweka saini yake na jina lake. Miaka kumi baadaye mtu akilifungua jalada lile masjala, ataona kwamba siku ile mkurugenzi hakuwepo, na ataona pia nani alikuwepo. Karatasi, pamoja na vumbi na uzito wake, ilikuwa na heshima hiyo ya kutunza ukweli wa nani alishika kalamu.

Nywila ya kuazimwa haina Kny. Anayeitumia anakuwa wewe kabisa, na saa yako na cheo chako.

Ofisi zetu zimejaa mifumo sasa. Halmashauri inapanga bajeti kwenye PlanRep, inalipa kupitia MUSE, inakusanya mapato kwa TAUSI iliyochukua nafasi ya mfumo wa awali, inanunua kupitia NeST tangu 2023, na shule na zahanati zilianza kutoa hesabu kwenye FFARS mwaka 2017. Kila mmoja na nywila yake, kila mmoja na semina yake. Na kwenye semina huwa anakwenda nani? Bosi ana kikao Dodoma, au ana ugeni wa mkoa, kwa hiyo anatumwa mhasibu kijana au afisa TEHAMA. Anarudi na cheti na begi lenye nembo. Kuanzia siku hiyo, yeye ndiye anayejua, na bosi ndiye anayeuliza.

Sidhani ni uvivu. Nimezungumza na wakuu wa idara wa kutosha kujua kwamba wengi wao ni watu wa kazi. Ni haya. Mtu aliyetumikia miaka ishirini na tano, anayejua kanuni za fedha kwa vifungu, ataonaje kumwita mtoto wa juzi amwonyeshe pa kubofya, tena mlango ukiwa wazi? Ni rahisi kusema "hebu nimalizie hiyo" na kuandika nywila kwenye kipande cha karatasi. Kipande kile kinakaa chini ya kibodi hadi anastaafu.

Kuna pia sababu nyingine ambayo haisemwi sana. Faili la karatasi lilikuwa na uhuru wake. Linaweza kuwa kwa katibu muhtasi, au limepanda juu, au "linazunguka," na mwananchi anaambiwa aje Jumatatu. Dokezo la mtandaoni halizunguki. Liko mezani kwa mtu mmoja, na mfumo unaonyesha limekaa siku kumi na tatu. Wapo viongozi wanaosema mfumo unasumbua wakati kinachowasumbua ni hiyo hesabu ya siku.

Jirani zetu wa Kenya walishaonyeshwa gharama ya nywila inayozagaa. Mwaka 2015 Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, lilijikuta kwenye kashfa ya Sh791 milioni za Kenya zilizopita katika IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali. Moja ya hoja zilizotawala sakata lile ilikuwa kwamba nywila ya ofisa mwandamizi ilitumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo. Waziri mwenye dhamana, Anne Waiguru, alijiuzulu Novemba mwaka huo. IFMIS ilikuwa imesifiwa kama dawa ya wizi, na kwa mtazamo wa mashine hakukuwa na mwizi: kila hatua ilikuwa na jina halali.

Hapa Babati, mahali pa kuelewa jambo hili ni barabarani. Mji uko kwenye njia panda, magari ya Arusha, Dodoma na Singida yanapishana, na msimu wa mahindi na mbaazi malori hayaishi. Ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, hukatiwa risiti ya mashine ya POS. Mashine hiyo ikikaa nje ya mtandao, makusanyo yake hayaonekani makao makuu mpaka irudi hewani. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimekuwa zikirudia mwaka baada ya mwaka, kwa halmashauri mbalimbali nchini, habari ya fedha zilizokusanywa kwa POS zisifike benki. Swali la kiongozi hapo ni dogo: mashine ipi haijasikika tangu juzi, na iko kwa nani? Jibu liko kwenye mfumo. Anayeweza kuingia mwenyewe ataliona kabla ya chai. Anayesubiri kuletewa taarifa ataona ile aliyochaguliwa. Madiwani, ambao kazi yao ni kuwasimamia hao wote, mara nyingi hufikiwa na karatasi iliyochapwa tu.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, la kuiamini mashine kuliko mtu. Uingereza, kati ya 1999 na 2015, wasimamizi zaidi ya 900 wa matawi ya posta walitiwa hatiani kwa upotevu ulioonyeshwa na mfumo wa Horizon uliotengenezwa na Fujitsu. Wengine walifungwa. Walipolalamika kwamba hesabu zinabadilika zenyewe, uongozi wa Post Office ulisisitiza kwa miaka kuwa hakuna mwingine awezaye kugusa hesabu za tawi. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaona kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia humo wakiwa mbali bila mwenye tawi kujua. Mkono wa mwingine, jina la mwenye tawi. Mwaka 2024 ilibidi Bunge litunge sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Wiki mbili baadaye nilipita tena steshenari ile. Mwalimu mkuu alikuwepo, hajakaa kwenye benchi safari hii. Alikuwa amesimama nyuma ya kijana, miwani imeshuka puani. Mwalimu wake mmoja alikuwa amemfuata ofisini akicheka: alikuwa likizo ya uzazi, siku zote 84, na mfumo unasema alifundisha kila wiki na msimamizi wake akaridhika.

"Na msimamizi ni mimi," aliniambia.

Akaomba kiti. Akavuta kibodi, akabadilisha nywila kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, huku amekinga skrini kwa bahasha yake ya kaki. Ilimchukua kama dakika kumi, na mara mbili mfumo ulimkatalia kwa kuwa hakuweka namba. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa koti.

Kijana alikuwa ameshafungua kaunta buku. Akaukata mstari wa zamani kwa rula, akaweka kalamu tayari, akamtazama.

"Haya, mwalimu. Mpya ni ipi?"