Kuitambua Sare ya Adui: Chanjo ya Samaki wa Mabwawani

Ndugu askari alindaye kandokando ya Ziwa Nakivale, au ashukaye Base Camp kununua kitoweo, huenda hajapata kufikiri kwamba samaki naye huugua. Lakini ndivyo ilivyo. Bakteria aitwaye Aeromonas hydrophila huishi majini siku zote akivizia. Samaki wanaposongamana bwawani na maji kuchafuka, huwashambulia, nao hutoka vidonda, tumbo huvimba, kisha huelea wamekufa.

Jambo hili si dogo. Makazi ya Nakivale yalianzishwa tangu miaka ya 1950 na 1960 kwa wakimbizi wa Rwanda, na leo hukaa humo watu wa mataifa mengi. Ziwa halikuongezeka. Kwa hiyo ngege na kambare wa kufugwa, waliochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha Kajjansi, ni akiba ya chakula isiyofaa kuachwa ife.

Wafugaji wengine hukimbilia antibiotiki. Uchunguzi wa samaki wa Uganda uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baadhi ya bakteria wao hawaitishiki penisilini. Na bakteria huyu huyu huweza kumwingia mwanadamu kupitia jeraha. Askari avukaye mto akiwa na kidonda mguuni na ajue hilo.

Ndipo chanjo inapohitajika. Norway ilitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa samaki mwaka 1987. Baada ya chanjo kuenea, kiasi hicho kilishuka mpaka tani chache tu, ijapokuwa samaki wenyewe waliongezeka sana.

Chanjo za zamani zilitengenezwa kwa kumwua bakteria mzima na kumtia samaki mwilini. Ubaya wake ni kwamba Aeromonas ana makabila mengi, na kinga ya kabila moja huenda isilitambue la pili. Sasa wataalamu hufanya kama ofisa wa upelelezi. Husoma jenomu ya bakteria, iliyotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, kisha kompyuta huchambua maelfu ya protini zake. Iliyofichika ndani haifai, kwani kinga ya samaki haitaiona. Hutafutwa ile iliyo juu ya utando wa nje, kama sare na beji ya cheo, tena iliyo sawa kwa makabila yote. Miongoni mwa zilizokwisha kujaribiwa ni OmpA na OmpW, pamoja na sumu yake, aerolisini.

Kompyuta hupendekeza tu. Kila protini lazima itengenezwe, samaki wachanjwe, kisha waachiwe adui aliye hai ndipo wahesabiwe waliosalia. Wengi wa wateule huanguka hapo, nasi twaona ni haki, maana hakuna kuruta apewaye cheo kwa sura.

Limebaki tatizo la sindano. Samoni wa Norway huchomwa mmoja mmoja kwa kuwa bei yake yaruhusu. Ngege wa bwawa la Mbarara hawezi kugharimiwa hivyo. Kwake itafaa chanjo ichanganywayo na chakula, au ya kuogeshwa akiwa bado kifaranga.