Kodi ya Nyumba: Pima Soko Kabla ya Kutaja Bei

Wenye nyumba wengi jijini Dar es Salaam hupanga kodi kwa kumuuliza jirani anatoza kiasi gani, kisha huongeza kidogo. Njia hiyo ni rahisi lakini inaweza kuwatia hasara, kwani jirani hutaja bei anayoitaka, na si lazima iwe ndiyo anayolipwa.

Tuchukue mfano wa chumba na sebule Kimara. Mwenye nyumba anataka shilingi 120,000 kwa mwezi, na nyumba inakaa tupu miezi 3. Kwa mwaka atapata shilingi 1,080,000. Lau angekubali 100,000 tangu mwezi wa kwanza, angepata 1,200,000. Kung'ang'ania nyongeza ya 20,000 kumempotezea 120,000.

Ili kuepuka hasara hiyo, mwenye nyumba afanye uchunguzi ufuatao:

Kwanza, awaulize wapangaji waliohamia mtaani katika miezi 6 iliyopita. Mpangaji wa siku nyingi huenda bado analipa kodi ya zamani, hivyo hafai kuwa kipimo. Nyumba tano au sita zinatosha kutoa picha.

Pili, azungumze na madalali zaidi ya mmoja. Ujira wa dalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, nao hulipwa na mpangaji. Asimuulize tu nyumba yake ina thamani gani. Aulize ni nyumba zipi zimepata watu mwezi huu, kwa kiasi gani, na zipi bado hazina mtu.

Tatu, alinganishe vinavyolingana. Choo ni cha ndani au cha kuchangia? Mita ya LUKU ni ya peke yake? Maji ya bomba yanatoka? Huko huko Kimara, nyumba iliyo jirani na kituo cha mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, haiwezi kuwa bei moja na ile ya bondeni ambako mpangaji hupanda bodaboda kila asubuhi.

Nne, aangalie masharti ya malipo. Kodi ya miezi 6 au 12 inayolipwa kwa mkupuo haifanani na ya mwezi kwa mwezi, hata kama tarakimu ni ile ile. Anayelipa mwaka mzima ana haki ya kuomba punguzo.

Kwa wenye fremu za biashara, mpangaji anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuiwasilisha TRA. Mkataba useme wazi kama bei iliyotajwa ni kabla au baada ya makato hayo.

Endapo mwezi umepita, watu wamekuja kuangalia nyumba na hakuna aliyerudi, soko limekwisha kujibu. Ni heri kupunguza bei au kurekebisha kasoro mapema, kuliko kusubiri mwezi wa pili bila kipato.