Maskani Ng'ambo ya Ruvuma

Mwenyeji wa Songea hashangazwi na mgeni ajaye kuweka maskani. Wangoni wenyewe ni kizazi cha wahamiaji: wazee wao walitoka kusini, wakauvuka mto Zambezi katika miaka ya 1830, hata wakaifikia nchi hii. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya watu waliuvuka mto Ruvuma, na baadhi yao wakapewa ardhi Muhukuru, kusini ya mji wa Songea. Walilima, wakazaa, wakazika. Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni, 1975, wengi walirejea kwao, wengine wakabaki.

Hao waliobaki yatupasa tuwafikirie. Shamba la mihogo na kaburi la mzazi humfanya mtu kuwa mwenyeji machoni pa jirani, lakini si machoni pa sheria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka mgeni aombe uraia wa tajnisi, na mtu mzima haruhusiwi kuwa raia wa nchi mbili. Asiyeijua njia hiyo huwaachia watoto wake mashaka pamoja na shamba.

Ndugu zetu wa Visiwani, ambao bahari imewaletea na kuwachukulia jamaa kwa karne nyingi, watalielewa jambo hili upesi. Nao watumishi wa serikali twawaomba wasimngojee mhamiaji ofisini mjini, bali waifikishe sheria vijijini, kwa lugha nyepesi, kabla mjukuu hajaulizwa kwao ni wapi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni haki mgeni naye apone.