Gari la Shamba Halijaribiwi kwenye Lami Tu: Pima Kabla Hujatoa Pesa

Leo tunaweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuongelee chombo kinachotoa mazao yako shambani na kuyafikisha sokoni.

Swali la gari limekuwa jingi. "Afisa, nimevuna, nataka kagari ka mzigo, nichukue lipi?" Naelewa linatoka wapi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe pale Kigongo–Busisi Juni 2025, mkulima wa Sengerema hasubiri tena kivuko. Anapakia nyanya alfajiri na kuzishusha Mwanza soko likiwa bado limechangamka. Ukiwa na usafiri wako, dalali anayekuja shambani hakupangii bei anavyotaka.

Shida ni namna tunavyonunua. Kijana anafika yadi, anaangalia rangi, anawasha redio, anazunguka na gari tupu dakika 5 kwenye lami. Muuzaji anamwambia, "Bosi, hii haidai kitu, weka mafuta uondoke." Basi, pesa ya msimu mzima imetoka.

Mbegu huwa tunazifanyia jaribio la uotaji. Unahesabu mbegu 100, unaziweka kwenye unyevu, unaona ngapi zimeota, ndipo unapanda ekari zako. Huzijaribu kwenye sahani kavu, maana hazitaota kwenye sahani kavu. Gari nalo lijaribu kwenye kazi litakayofanya: mzigo, mlima na barabara ya vumbi.

Kabla hujaenda yadi

Jua uzito wa mzigo wako. Kirikuu, yaani Suzuki Carry ndogo ya Kijapani yenye injini ya CC 660, kwao Japani imeruhusiwa kubeba kilo 350. Hizo ni gunia tatu na nusu za kilo 100. Kama kila safari unataka kupeleka gunia 10 za mpunga, hilo si gari lako hata kama ni zima kabisa. Canter ya tani 2 ndiyo inabeba gunia 20. Piga hesabu hii ukiwa nyumbani, usiipigie mbele ya muuzaji.

Tafuta fundi wako mwenyewe, siyo wa kuletewa na dalali. Mlipe siku yake.

Uliza habari ya bima. Kisheria gari haliruhusiwi kuwa barabarani bila walau bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu. Magari mengine ya yadi bado hayajasajiliwa wala kukatiwa bima. Ukigonga mtu ukiwa kwenye majaribio, utajikuta kwenye kesi na gari siyo lako. Na anayeendesha awe na leseni hai.

Siku ya kulijaribu

1. Likute la baridi. Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na gari lisiwashwe kabla. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, jua limeshapashwa, na injini yenye shida ya kuwaka huificha ikiwa ya moto. Liwashe mwenyewe huku fundi amesimama nyuma anaangalia moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Mweusi, inachoma mafuta kupita kiasi. Mvuke mweupe kidogo wa asubuhi unaopotea baada ya muda hauna neno, lakini ukiendelea kutoka mzito hata injini ikipata moto, shuku gasketi: huenda maji yanaingia kwenye injini. Rejeta ikaguliwe kabla ya kuwasha. Ikishapata moto usiifungue, itakuunguza.

2. Weka mzigo. Hapa ndipo wengi hawafiki. Mifuko 7 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 350 kamili, kirikuu inatosheka. Mchanga kwenye viroba pia unafaa. Usipakie watu nyuma. Ukishapakia, angalia gari limekaaje: likilala upande mmoja, springi za upande huo zimechoka.

3. Lipandishe mlima. Jiji letu ni la miamba, milima haitafutwi mbali. Panda nalo Isamilo ukiwa na mzigo. Injini ikipiga kelele zaidi lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Simama katikati ya mlima mahali salama, vuta breki ya mkono, achia breki ya mguu taratibu. Gari likirudi nyuma, umepata jibu. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo. Gia ikichomoka yenyewe, giaboksi ina matatizo.

4. Lipeleke lami ndefu. Ukitoka Buhongwa kuelekea Usagara unapata nafasi ya kuona usukani ukitikisika au gari likivutia upande. Sehemu isiyo na magari, kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida. Lisimame limenyooka. Angalia pia mshale wa joto: ukishafika kati unatakiwa utulie hapo.

5. Ingia vumbini. Zima redio, fungua vioo, sikiliza. Milio ya gongo-gongo chini inatokana na bushi, boljointi au shokapu. Kata kona kali kushoto, kisha kulia. Mlio wa "ka-ka-ka" kwenye gari linalovuta kwa tairi za mbele ni jointi zake zimekwisha. Kama unanunua gari la tairi nne kwa sababu shamba lako liko kwenye mbuga nyeusi, zile zinazonasa mvua ikinyesha, ijaribu hiyo tairi nne kwenye mchanga au tope. Taa kuwaka kwenye dashibodi haitoshi. Tairi za mbele lazima zivute kweli.

6. Rudi, liache linaunguruma dakika 10. Chungulia chini kama kuna oili au maji yanadondoka. Kisha zima, uliwashe tena likiwa la moto.

Kuna jambo la huku kwetu ziwani: uliza gari lilikuwa linabeba nini. Lililobeba samaki na barafu kwa miaka linaweza kung'aa juu huku sakafu na chesisi vinaliwa na kutu. Fundi alale chini, agonge kwa bisibisi. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ni ya kutilia shaka. Na kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake, zinachezewa. Linganisha na pedali za miguu na usukani: kilomita 60,000 haziwezi kuendana na pedali iliyolika mpaka chuma.

Kwa nini usijaribu juujuu

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi kwa kiasi fulani. Lakini sheria hiyohiyo inasema ukishakagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha ni vigumu kuja kuilalamikia. Kwa hiyo kuzunguka yadi dakika 5 kunaweza kukuponza: muuzaji atasema ulilijaribu, ukaridhika.

Usitoe advansi kabla ya majaribio. Ukilazimika, iandikwe kwamba inarudishwa usiporidhika. Ahadi za mdomo, mfano "giaboksi ikisumbua ndani ya miezi 3 tutatengeneza", ziingie kwenye mkataba. Hakikisha namba ya chesisi inafanana na ya kwenye kadi, angalia kama gari linadaiwa faini za barabarani, na uliza kama kadi haijawekwa dhamana ya mkopo benki.

Gharama ya fundi, mafuta na asubuhi moja ni ndogo ukiilinganisha na injini inayokufa katikati ya mavuno, shamba limejaa nyanya zilizoiva. Nyanya haingoji gari litoke gereji.

Muuzaji akikataa gari lisipakiwe wala kupandishwa mlima, usibishane naye. Mshukuru, rudi na pesa yako, nenda yadi nyingine.

Makala ijayo tutaongelea kupanga nyanya kwenye matenga zisipondeke njiani. Kilimo chema.

Afisa ugani wenu, Mwanza