Pikipiki moja kwa safari ndefu na mwendo wa kasi: mmiliki azingatie nini?

Kwa muda mrefu, mpenzi wa pikipiki kubwa alilazimika kuchagua: ama pikipiki nzito ya safari, yenye kiti kipana na masanduku ya mizigo, ama nyepesi ya mbio, inayomlazimu mwendeshaji kuinama juu ya tangi. Aina zinazounganisha sifa hizo zimemwondolea haja ya kumiliki mbili, lakini zimemwongezea wajibu.

Mfano ni Yamaha Tracer 900, iliyoingia sokoni mwaka 2015. Injini yake ya silinda 3 ilitokana na ya MT-09, pikipiki iliyoundwa kwa wepesi na kasi. Tracer iliongezewa kioo cha kukinga upepo na tangi la lita 18 badala ya 14. Mwendeshaji hukaa wima kwa saa nyingi, na bado ana nguvu ya kutosha kupanda mlima au kulipita lori.

Hata hivyo, pikipiki hubadilika inapobeba abiria na mizigo. Uzito ukilemea nyuma, springi hudidimia, gurudumu la mbele hupungukiwa na mshiko, na taa humulika machoni mwa wanaokuja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuondoka springi ya nyuma hukazwa, na tairi hujazwa upepo kwa kipimo cha mtengenezaji zikiwa bado baridi. Mizigo mizito huwekwa chini, karibu na kiti. Mnyororo husafishwa na kutiwa mafuta, hasa baada ya mvua.

Kasi nayo ina hesabu yake. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka takriban mara 4. Katika barabara za milimani, ambako kona huweza kuficha lori lililoharibika au ng'ombe, mwendo salama ni ule unaomwezesha mwendeshaji kusimama ndani ya umbali anaouona.

Anayevuka mpaka ana jambo jingine la kukumbuka. Rwanda na Burundi, magari hupita kulia. Uganda, Tanzania na Kenya, kushoto. Akipita Gatuna au Rusumo, hubadili upande papo hapo, na hatari huwa kubwa zaidi anapoingia barabarani tena baada ya kupumzika. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya madhara kwa watu wengine nje ya nchi, ikatwe kabla ya safari.