Jinsi Mtandao wa Neva Bandia Unavyoisaidia Rada Iliyovurugwa

Simama Kasesya, mpakani na Zambia, pale malori yanaposubiri kuvuka. Injini zinanguruma, rafiki yako anakuita kutoka ng'ambo ya barabara, nawe unamsikia. Injini hazikuzimwa, ubongo wako umeizoea sauti hiyo hata unaitambua ndani ya kelele. Shika mfano huu, tutaurudia.

Rada hutuma mawimbi ya redio na kusubiri mwangwi. Rada za kuongozea ndege za kiraia zimefungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, jirani zetu wa Mbeya. Tuseme ndege ipo km 150 kutoka kwenye rada. Wimbi linakwenda na kurudi, jumla km 300, kwa kasi ya 3 × 10⁸ m/s, hivyo muda ni sekunde 0.001. Watahiniwa wengi husahau safari ya kurudi na kupata nusu ya jibu.

Sasa mtu aliye ndani ya ndege hiyo anawasha mtambo wa kurusha kelele kwenye masafa yaleyale ya rada. Ana faida kubwa: kelele yake husafiri upande mmoja tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, kelele inayofika kwenye rada hupungua hadi 1/4, lakini mwangwi hupungua hadi 1/16, kwa kuwa mawimbi hutawanyika yakienda na tena yakirudi.

Hapo ndipo hutumika mtandao wa neva bandia, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano. Huoneshwa maelfu ya mawimbi yaliyochanganyika na kelele, pamoja na majibu yake sahihi. Kila unapokosea, namba zake za ndani, ziitwazo uzito, hurekebishwa kidogo kidogo ili kosa lipungue. Mwishowe huweza kuutenga mwangwi hata na kelele ambayo haujawahi kukutana nayo, mradi ifanane na ile ya mazoezi.

Neno "mradi" usiliruke. Kelele ya aina mpya inaweza kuufanya mtandao uchore ndege isiyokuwepo, au ufute ndege ya kweli yenye abiria, jambo la kutisha zaidi. Tena kelele ikizidi uwezo wa kipokezi, mwangwi hupotea kabla haujafika kwenye kompyuta. Rudi Kasesya: dereva akipiga honi sikioni mwako, rafiki humsikii, hata umzoee vipi.

Swali: Mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.0008. Ndege ipo umbali gani? (Jibu: km 120)